Wakili Abdiwahid na Faili la Dada Yake

Mimi si Msomali. Kwetu ni ng'ambo ya daraja, upande wa Tana River, na kilichonivusha mto kuja kufanya kazi Garissa ni Kiswahili changu na mashine ya kupiga chapa niliyoachiwa na mjomba. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wa hapa hukuuliza kwanza wewe ni wa nani, ndipo wakusikilize. Mimi si wa mtu. Nilikuwepo tu. Kwa miaka kumi nimekuwa karani wa Wakili Abdiwahid Diriye, kwanza akiwa wakili mtupu, halafu akiwa Mheshimiwa, na watu wakimsifu mbele yangu huwa nanyamaza. Si kwamba wanasema uongo. Yote wanayosema ni kweli, ila kuna moja wasilolisema, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la nguo za kike karibu na Soko Mugdi. Ngazi zilikuwa za chuma, na ikifika saa sita mchana hukuweza kushika reli yake bila leso. Yeye mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mrefu, mwembamba, mpole wa sauti, msahaulifu wa miwani yake. Alikuwa na ukaidi mmoja ulionichekesha: kuvaa suti kamili, tai na koti, katika mji ambao joto la mwezi wa Machi humfanya hata mbuzi abanane na ukuta. Nilimwambia siku moja, "Wakili, hakimu mwenyewe amevua koti." Akanijibu kwamba hakimu ni mtu wa Nairobi, hakuna atakayemsimamisha barabarani amuulize karatasi zake. Nilidhani anatania.

Wateja wake wengi walikuja na shida ileile moja, na lazima niieleze, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Ukame unapokaza na mifugo kuisha, wafugaji wa huku wamefanya kosa ambalo sijui kama kuna watu wengine wangelifanya. Kambi ya wakimbizi iko papo hapo, na ndani yake kuna unga, kuna mafuta ya kupikia, kuna daktari. Mkimbizi ni Msomali na mfugaji ni Msomali. Lugha yao moja, dini moja, sura moja. Basi mama anayeona watoto wanamfia mikononi huwapeleka kambini, akasema wametoka ng'ambo ya mpaka, wakachukuliwa alama za vidole, wakapewa kadi ya chakula. Mvua ikinyesha anarudi nao nyumbani na anasahau. Mtambo hausahau. Mtoto anafikisha miaka kumi na minane, anakwenda kuomba kitambulisho cha Kenya, anaweka kidole, na kompyuta inasema huyu ni mkimbizi.

Na huku kwetu asiye na kitambulisho hana mbele wala nyuma. Haajiriwi, hapokewi chuoni, hapigi kura, na basi la Nairobi likifika kwenye kizuizi cha polisi pale darajani yeye ndiye anayeshushwa na mkoba wake.

Namkumbuka mzee mmoja, Aden, aliyekuja na mwanawe kutoka Habaswein. Alikaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti kile kilikuwa cha mtu mwingine. "Kijana yangu amezaliwa Habaswein," alisema. "Babu yake iko kaburi huko. Mimi nilitafuta chakula tu, wakili. Hiyo ni makosa kubwa namna hii?" Wakili alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu, akasema hapana, baba, si makosa. Kesi ile ilimchukua miaka miwili. Siku kijana alipopata kitambulisho, mzee aliturudia na galoni ya maziwa ya ngamia, na wakili akayanywa mbele yake mpaka povu likamganda mdomoni. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Asije mtu akadhani naandika haya kumchafua.

Mwaka 2019 aliniletea dada yake ofisini. "Mama Najib," aliniambia, kwa maana huku najulikana kwa jina la mwanangu, "huyu ni Ugbad. Atakusaidia kutafsiri." Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye macho ya mzaha na maneno mengi, aliyemwita kaka yake *abbowe* kama wasichana wote wa Kisomali wanavyomwita kaka mkubwa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama za kutosha kusomea uuguzi. Nilishangaa anafanya nini kwenye kiti cha mtafsiri. Kwa siku nzima aliwasikiliza wazee na akina mama, akaniambia kwa Kiswahili safi walichosema, nami nikapiga chapa: nimezaliwa mahali fulani, mama yangu alinipeleka kambini, sikujua. Alifanya kazi ile kwa moyo. Mara nyingine alinisahihisha kabla hata mteja hajamaliza, kwa kuwa alikwishajua sentensi inakokwenda.

Baada ya kama mwezi hivi, alinyoosha mkono kabatini akatoa faili jembamba, akaniwekea mezani. Juu yake kulikuwa na jina lake mwenyewe. "Hii nayo utapiga lini?" aliniuliza, akacheka. Mimi sikucheka.

Habari yenyewe alinisimulia wakili, adhuhuri moja ya Ramadhani, tukiwa wawili tu na feni inazunguka bila kuleta upepo. Mwaka 2006 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni hapa Garissa. Shule zilipofungwa alikwenda kuwatafuta watu wake upande wa Habaswein, akakuta ng'ombe wameisha, baba yao amekwisha kuzikwa, na mama yao, Abshiro, amebaki na mtoto mmoja wa miaka sita anayekohoa. Huyo ndiye Ugbad. Walidandia lori mpaka kambini. Foleni ilikuwa ndefu, mwandikishaji hakujua Kisomali, akauliza kama kuna mtu yeyote anayejua kusoma na kuandika Kiingereza. Abdiwahid akainua mkono.

"Nilijaza fomu yake mimi mwenyewe, Mama Najib," aliniambia. "Ilikuwa fomu yangu ya kwanza maishani. Mahali alipozaliwa nikaandika Afmadow, kule Somalia. Mpaka leo huo mji sijauona kwa macho yangu. Halafu nikamshika kidole nikakiweka kwenye kioo, kwa sababu alikuwa anaogopa."

Nilimuuliza kwa nini yeye hakuandikwa.

"Mama alikataa. Alisema wewe una shule, wewe baki Mkenya. Alisema Ugbad ni msichana, ataolewa, karatasi za nini." Aliitazama feni. "Nilikula unga wa Ugbad likizo nzima. Nikarudi shuleni nimeshiba."

Mama yao alifariki mwaka 2014 kwa ugonjwa wa koo, kabla ya kumwona mwanawe amevaa joho la wakili, na kabla ya kujua kwamba binti yake atakwama. Ndugu walibaki wawili tu. Abdiwahid alimlipia Ugbad kila kitu, akamjengea chumba nyuma ya nyumba yake huko Bulla Iftin, akamtania, akambembeleza, akambeba kama yai. Alimwahidi jambo moja tu, na ahadi hiyo niliisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia adhana: "Kitambulisho chako nitakipata. Hata ikibidi niingie bungeni."

Na kweli akaingia.

Huku kiti cha bunge hutafutwa na ukoo kabla hakijatafutwa na mtu. Wazee hukaa siku nyingi chini ya turubai, wanachinja, wanazozana, wanaomba dua, wanazozana tena, mpaka wanatoka na jina moja, na wengine wote walioutaka ubunge wanatakiwa kumeza mate machungu na kushikana mikono. Mwaka 2022 jina lililotoka lilikuwa la Abdiwahid. Aliyelitangaza ni Mzee Alio, mtu mwenye ndevu nyekundu za hina na sauti ya kukwaruza, aliyekuwa amesaidiwa na wakili kwenye kesi tatu za vijana wake. Lakini si wote waliomeza mate. Mkandarasi mmoja wa visima, Salah, ambaye upande wake wa ukoo uliona zamu ilikuwa yao, alikataa kushika mkono wa mtu. Wiki hiyo hiyo sauti zikaanza kuzunguka kwenye simu. Mtu asiyejitaja alisema kuna mgombea ambaye familia yake imekula kambini, na kama dada ni mkimbizi basi kaka ni nani?

Nilimwona wakili alipoisikiliza ile sauti. Aliisikiliza mara tatu. Halafu akaniambia nilitoe faili la Ugbad kabatini, nilifungie kwenye saraka yake. "Mpaka uchaguzi upite tu," alisema. Kabla sijainuka, Ugbad alikuwa amelichukua yeye mwenyewe, akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili.

Msichana yule alimpigia kampeni kuliko mtu yeyote. Alitunga *buraanbur*, zile tungo ambazo wanawake wa Kisomali huimba na kupigia makofi kwenye harusi na mikutano, akawaimbisha akina mama kutoka mtaa hadi mtaa mpaka sauti ikamkauka. Siku ya kura alisimama nje ya lango la shule tangu alfajiri akiwagawia maji wazee waliopanga foleni. Mama mmoja alimwambia aingie, foleni ya wasichana ni fupi. Alimjibu kwamba ameshapiga mapema. Ndugu yake alishinda kwa tofauti ya kura chache sana.

Bungeni, Abdiwahid hakubadilika, hilo nalo niliseme wazi. Hakuwa mla rushwa. Wapo walionong'ona kwamba mbunge mzima hawezi kushindwa kumpatia dada yake kadi ya plastiki, kwamba ni suala la kumwona mtu fulani Nairobi. Alikwenda kuwaona wakubwa, ndiyo, lakini kwa mlango wa mbele, na wote walimwambia jina likishaingia kwenye mtambo wa wakimbizi halitoki ila kwa uhakiki wa hadharani. Basi akaupigania uhakiki huo. Miaka mitatu alisimama kila nafasi aliyopewa akasema jambo lilelile, mpaka wenzake wakampa jina la utani, Mheshimiwa Kidole. Hatimaye, mwaka jana, gari lenye vipaza sauti lilipita mitaani likitangaza kwamba kamati ya uhakiki inakuja jimboni kwetu kwa siku tatu.

Ofisini tulishangilia. Ugbad alinikumbatia mpaka nikapoteza pumzi.

Masharti yalikuja kwenye karatasi moja. Anayehakikiwa afike mwenyewe na aweke kidole. Mzazi wake asimame naye. Kama wazazi wamefariki, basi ndugu wa damu mwenye kitambulisho. Huyo ndugu ashike Msahafu mbele ya maafisa, wazee na watu wote, aseme huyu ni wa tumbo moja na mimi, na aeleze jina lilivyoingia kambini, nani alilipeleka, nani aliandika.

Nilisoma sharti la mwisho mara mbili. Ugbad hakuhitaji kulisoma zaidi ya mara moja. Duniani alikuwa amebaki na ndugu mmoja tu wa damu.

Kwa simu, Mheshimiwa alisema atakuja. Alisema bila kusita, na naamini alimaanisha. Lakini Salah alikuwa ameshaanza kampeni za mwaka 2027, na washauri wa Mheshimiwa wakamkalia kikao huko Nairobi. Mmoja wao alinisimulia baadaye, kwa fahari, mpumbavu yule. Walimwambia: wakili, mbunge, mtunga sheria, utasimama mbele ya kadamnasi ukiri kwamba uliandika uongo kwenye fomu? Video hiyo itaenea nchi nzima kabla ya adhuhuri. Na atakayeuliza wewe mwenyewe ulizaliwa Afmadow au wapi, utamjibu nini?

Uhakiki ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Zamu ya Ugbad ilikuwa siku ya pili. Alivaa buibui mpya la rangi ya zambarau na viatu vya kufunika, nami nilibeba faili. Tulifika mapema tukakaa kwenye benchi, na kila gari lililosikika nje alinyoosha shingo. Nilipiga simu ya Mheshimiwa mara sita. Mara tatu iliita. Baada ya hapo ilikuwa imezimwa.

Waliitwa watu wengi kabla yake. Mama mmoja aliapa kwa ajili ya wanawe wanne, akilia tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana aliapiwa na kaka yake mchunga ng'ombe ambaye hakujua hata mwaka aliozaliwa. Halafu wakamwita Ugbad Diriye.

Afisa alikuwa mtu wa bara, mwenye adabu, amechoka. "Wazazi wako?"

"Wamefariki wote."

"Poleni. Nani anasimama na wewe?"

Ugbad aliangalia lango. Mzee Alio, aliyekuwa amekaa miongoni mwa wazee wa kamati, naye aliangalia lango. Pembeni vijana wawili wa Salah walikuwa wameinua simu zao, tayari kurekodi.

"Msichana, sema," alisema Mzee Alio kwa sauti ya chini. "Baba yako mimi namjua, Allah amrehemu. Lakini mimi si ndugu ya tumbo. Sheria nataka ndugu ya tumbo. Wewe iko na nani?"

Nilijua atakalolisema kabla hajafungua mdomo, kwa kuwa aliziangalia zile simu kwanza. Angeweza kumtaja. Neno moja tu, na kesho yake mji mzima ungejua kwamba Mheshimiwa ameitwa na dada yake asije. Mimi pia ningeweza kumtaja. Nilikuwa na faili mkononi, na ndani yake jina la kaka limepigwa chapa na vidole hivi hivi. Nilinyamaza, na sijajisamehe.

"Sina mtu," alisema Ugbad.

Afisa aliandika. Mzee Alio aliinamisha kichwa, hakukiinua mpaka jina jingine lilipoitwa.

Mheshimiwa alikuja baada ya siku mbili. Alipanda ngazi zile za chuma polepole, akasimama mlangoni kama mteja. Ugbad alimchemshia chai. Aliiacha ikapoa. "Nilikuja," alisema. "Wallahi nilikuja, abaayo, dada yangu. Nilifika mpaka darajani. Nikamwambia dereva ageuze." Hapo akaanza kulia, mtu mzima na suti yake, na Ugbad akampapasa mgongoni kama anayempapasa mtoto. Alimwambia asijali, kutakuwa na awamu ya pili. Hakumlaumu hata kwa neno moja. Laiti angemlaumu.

Tangu siku hiyo maneno ya Ugbad yalipungua. Alitafsiri walichosema wateja, basi. Mwezi wa Januari mwaka huu aliniambia, huku akipanga karatasi, kwamba ameandikisha jina kwenye safari ya wakimbizi wanaorudi kwa hiari. Kuna chuo cha uuguzi Kismayo kilichokubali kumchukua kwa kadi yake ya kambi. Kila mkimbizi anayerudi ana haki ya kiti kwenye basi, na yeye ni mkimbizi.

"Lakini Ugbad, kule si kwenu," nilimwambia. "Hujui mtu. Hujawahi kukanyaga."

"Hata hapa wanasema si kwetu, Mama Najib." Aliendelea kupanga karatasi. "Nina miaka ishirini na sita. Kule angalau karatasi zangu na mimi tutakuwa tunasema kitu kimoja."

Kaka yake alipopata habari aliacha kikao cha bunge akaja mbio. Safari hii dereva hakugeuza. Alimsihi asubuhi nzima, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, mbele yangu, bila kuona haya. Alimwambia atasimama, atasema yote, ataacha hata ubunge, amtajie tu siku. Ugbad alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siku ilikuwepo, abbowe," alisema.

Hakusema kwa hasira. Asubuhi ya safari Mheshimiwa ndiye aliyembebea mkoba mpaka kwenye basi, na polisi wa pale wakampigia saluti wakidhani amekuja kukagua kazi. Dirishani Ugbad alitupungia mkono, akajifunika uso kwa mtandio, na basi likaondoka na vumbi lake.

Awamu ya pili ya uhakiki ilikuja mwezi wa Mei, uwanja uleule, afisa yuleyule. Sikutegemea kumwona Mheshimiwa. Alikuja kwa miguu, peke yake, bila msaidizi, bila suti. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa amevaa kikoi na shati la mikono mifupi. Alipanga foleni kama watu wengine, na watu walipomwambia apite mbele alikataa. Zamu yake ilipofika alishika Msahafu akasema yote. Alisema mwaka, alisema kambi, alisema jina la mama yake. Alisema ni yeye aliyejaza fomu na alichoandika hakikuwa kweli. Alisema dada yake alikaa mahali hapa mwaka jana akamngojea, na yeye akageuza gari darajani kwa sababu alikuwa anaogopa kupoteza kiti.

Simu nyingi zilikuwa zimeinuliwa. Nilimtafuta Salah kwa macho nikamwona anasimama, nikajua sasa mambo yameharibika.

"Mheshimiwa, bole sana," alisema Salah, pole ikimtoka bole kama kwa wengi wa huku. Sauti yake haikuwa ya kampeni. "Mimi iko na wasichana wawili kwa hiyo mtambo. Mama yao aliwabeleka, mimi nilikuwa Mandera. Hao watu wote unaona haba, hakuna nyumba haina mtu huko." Akawageukia vijana wake akawaambia wazime simu, nao wakazizima.

Mzee Alio alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Sisi tulijua," alisema. "Toka zamani tulijua, hata siku tulikubatia kiti. Tulikuwa tunangoja wewe tu useme."

Mheshimiwa aliwatazama, mmoja mmoja, kama mtu aliyeamshwa ghafla. Hakuna aliyemcheka. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumcheka, na sidhani kama hata mwaka uliopita kungekuwa na wa kumcheka. Nilitamani angetukanwa. Matusi angeyajibu, yeye ni wakili.

Afisa alisubiri kwa heshima mpaka watu wakatulia. Halafu akasema ushahidi umepokelewa, umekamilika, sasa mhusika asogee aweke kidole.

Mheshimiwa alisema mhusika yuko Kismayo.

Afisa aliandika jina kwenye kompyuta, akasoma kwa muda, akageuza kioo ili Mheshimiwa aone mwenyewe. Alisema hawezi kuendelea na jina hilo, kwa sababu kumbukumbu zimeshafungwa. Mhusika, alisema, amerejea kwao kwa hiari yake.

"Kwao ni hapa," alisema Mheshimiwa.

"Naelewa, Mheshimiwa. Nakusomea kilichoandikwa."

Nilimshika mkono nikitaka tuondoke. Hakutaka. Alirudi kwenye benchi akakaa kati ya mama mmoja na mwanawe, na karani wa kamati akaendelea kuita majina. Kila aliyeitwa alisimama na mtu wake. Abdiwahid alikaa pale mpaka jina la mwisho, na hata uwanja ulipobaki mtupu na maafisa wanakunja meza, bado alikuwa amekaa, nami nimesimama pembeni yake.